Mgeni, mwenyeji na mlima wa Mulenge

Redio ikitaja Ukingo wa Magharibi wa Mto Yordani, neno linalorudi ni "walowezi". Kwa Kiebrania makazi yao huitwa hitnahalut, neno lenye mzizi wa urithi; kwa Kiarabu huitwa mustawtanat, lenye mzizi uleule wa watan, nchi ya mtu. Kiswahili kinasema tu kwamba wamelowea. Jirani yangu hapa Kalundu akisikia huuliza: "Hao si kama wakuja wa huku kwetu?"

Simkubalii. Kule dola inajenga juu ya ardhi iliyotekwa vitani mwaka 1967. Huku wafugaji tunaowaita Banyamulenge walikuwa tayari kwenye miinuko ya Itombwe mwishoni mwa karne ya 19, na walipanda na ng'ombe. Kinachofanana ni kwamba pande zote hupigana kwa majina.

Mulenge iko katika sheferi ya Bafuliru, teritwari ya Uvira. Jina Banyamulenge lilienea miaka ya 1970, wenyewe wakitaka wasichanganywe na Banyarwanda. Mfuliru mmoja tunayesoma naye aliniambia: "Wamejiita wenye Mulenge. Sisi twende wapi?" Analisikia -nya- kwa sikio la Kiswahili, kama -enye. Lakini kwa Kinyamulenge umunyekongo ni mtu wa Kongo tu. Hakuna anayedhani Kongo nzima ni mali yake. Mimi ni Mvira, na nimekua nikilisikia jina hilo kama hati ya shamba. Ilinichukua muhula mzima wa mofolojia kulisikia vingine.

Mofolojia, hata hivyo, haizuii bunduki. Sheria ya 1981 ilitaka kabila liwe ndani ya mipaka tangu 1885; ile ya Novemba 2004 ikaisogeza tarehe hadi uhuru. Katikati, Oktoba 1996, gavana msaidizi wa Kivu ya Kusini aliwapa Banyamulenge wiki moja waondoke, na mwezi huohuo Uvira ikaanguka. Septemba 2020 komine ya Minembwe ilizinduliwa; Oktoba Rais Tshisekedi akatangaza kuifuta. Jina moja kwenye ramani lilitosha kuwasha Fizi yote.

Tazama pia makundi yenye silaha. Wazalendo: waliozaliwa nchini. Gumino, kwa Kinyamulenge: kaa hapahapa. Ukiyaweka pamoja, unaona wanajibu swali lilelile la nani wa hapa, na kila mmoja analijibu peke yake, bila kumsikiliza mwenzake. Ndiyo maana naona mikutano ya amani inayoanza na "nani alitangulia" hukwama asubuhi ya kwanza.

Wazee wetu walikuwa na swali jingine. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe": tunaitumia kumsema mvivu, lakini anayepewa jembe lazima apewe na mahali pa kulima. Na milimani Fizi kuna itulo, ng'ombe ambaye mfugaji humtoa kwa chifu wa Babembe ili alishe mifugo yake. Itulo haiulizi babu yako alifika lini. Inauliza nyasi ni za wapi, na unampa nani. Siku hizi wenye bunduki nao huidai, na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa upya kila kiangazi.

Nilipowauliza wenzangu darasani maana ya itulo, wengi walidhani ni aina ya samaki.