Jina la tovuti likiisha muda, kuna anayelivizia

Desemba 1999, dunia nzima ikiwa na hofu kwamba kompyuta zingevurugika mwaka 2000 ukiingia, Microsoft ilisahau kulipa dola 35. Ilikuwa ada ya jina passport.com, ambalo wateja wa barua pepe ya Hotmail walilipitia ili kufungua akaunti zao. Muda ulipokwisha, wengi wakashindwa kuingia. Mtaalamu mmoja wa programu nchini Marekani, Michael Chaney, akabaini chanzo cha tatizo, na siku ya Krismasi akalipa ada hiyo kwa kadi yake mwenyewe. Huduma ikarejea. Baadaye Microsoft ilimtumia hundi ya dola 500 kumshukuru.

Chaney alikuwa msamaria. Jina zuri la .com likiachwa leo, wanaolisubiri ni kompyuta zilizopangwa mahususi kulidaka, na nyuma yake wamo watu walioweka fedha ili walipate. Biashara hiyo ni halali, ina kanuni na ina kampuni kubwa. Mtu wa Dodoma au Mombasa anayetaka jina lililokwisha kuchukuliwa na mwingine anaweza kuitumia. Lakini aielewe kwanza, maana wengi huingia wakidhani wamenunua jina, kumbe wamenunua nafasi ya kujaribu.

Jina la tovuti, yaani jina la kikoa, halina mmiliki wa kudumu. Unalipia haki ya kulitumia kwa mwaka mmoja, au kwa mkupuo hadi miaka 10, kisha unalipa tena. Majina ya .com na .net yanatunzwa katika rejesta ya kampuni ya Verisign ya Marekani, ambayo Septemba 2024 ilipandisha ada inayowatoza wasajili hadi dola 10.26 kwa jina la .com kwa mwaka. Msajili ndiye anayekuuzia wewe na kuongeza faida yake. Juu yao wote yuko ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kusimamia mfumo wa majina duniani.

Siku jina linapoisha muda, halifutwi. Hapo ndipo wanaovizia kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa. Rejesta huliongezea mwaka mmoja yenyewe na kumpa msajili hadi siku 45 za kuamua kama analibakiza au analirudisha, kwa hiyo ukitafuta taarifa zake unaweza kuona tarehe ya mwaka ujao na kudhani mwenyewe amelipa. Msajili akilirudisha, zinaanza siku 30 za mwisho za mwenyewe kulikomboa. Ukombozi huo ni ghali: Verisign humtoza msajili dola 40, naye msajili huongeza chake, mara nyingi zaidi ya mara mbili ya hapo. Siku 30 zikipita, jina huingia katika hali inayoandikwa pendingDelete kwenye kumbukumbu, na kwa siku 5 hakuna awezaye kuligusa, hata aliyekuwa nalo. Kisha linaachiwa. Kuanzia siku muda ulipokwisha, safari nzima inaweza kufika siku 80.

Kuachiwa huko hutokea mchana wa saa za mashariki ya Marekani, wakati kwetu ni usiku. Usijidanganye kwamba utakaa mbele ya kompyuta ukibonyeza mpaka ulipate. Jina linalotakiwa huchukuliwa kabla jicho halijapepesa, kwa sababu programu za wadakaji huwa zinaituma rejesta ombi lile lile mfululizo, maelfu kwa maelfu.

Namna wanavyoshindana inastahili kuangaliwa kwa karibu. Rejesta humpa kila msajili aliyeidhinishwa na ICANN idadi sawa ya njia za kuunganishwa nayo. Hapo ndipo wajanja walipopata mwanya: mwenye vibali vingi ana njia nyingi. Mwaka 2016 kampuni iliyo nyuma ya DropCatch, huduma ya kudaka majina yenye makao Colorado, ilijiongezea vibali 500 kwa mara moja, na jumla yake ikapita 1,200. Wenye vibali hivyo ni makampuni ya kwenye karatasi, majina yake yanatofautiana kwa namba tu. Kila kibali hulipiwa ICANN dola 4,000 kwa mwaka, maana yake hivyo 500 peke yake ni dola milioni 2 kila mwaka, kabla ya kudaka jina hata moja. Kanuni iliyotungwa ili wasajili wadogo na wakubwa wawe sawa mlangoni imeishia kumpa nguvu mwenye fedha za kununua milango mingi. Naona ICANN ilipaswa kuliziba hilo mapema.

Kwa mteja, hali hiyo ina maana moja: kudaka jina mwenyewe hakuwezekani, lazima upitie kwao. Unafungua akaunti kwa DropCatch, SnapNames, au huduma nyingine ya namna hiyo, unaweka oda ya jina unalolitaka, na kwa kawaida unalipa pale tu wanapolipata, dola makumi kadhaa. Oda yako ikiwa peke yake, jina ni lako kwa bei hiyo. Mkiwa wawili au zaidi, huduma inawaingiza kwenye mnada wa siku chache na bei inapanda. Unaruhusiwa kuweka oda kwa kampuni zaidi ya moja, na kwa jina unalolihitaji kweli ni busara, kwani hujui ni ipi itakayolidaka.

Lakini majina mengi mazuri hayafiki kabisa kwenye siku hiyo ya kuachiwa. Katika masharti yale ambayo watu huyakubali bila kuyasoma, wasajili wengi wakubwa wamejipa ruhusa ya kulipiga mnada jina la mteja aliyechelewa likiwa bado mikononi mwao, ndani ya zile siku 45. GoDaddy ina mnada wake. NameJet ilianzishwa mwaka 2007 na wasajili wawili, Enom na Network Solutions, kwa biashara hiyo hiyo. Mwenyewe asipojitokeza, jina linahamishiwa kwa mshindi bila kufutwa, na aliyeweka oda kwa wadakaji peke yao anabaki mikono mitupu. Kwa hiyo anayetaka jina aanze kwa kuangalia limesajiliwa kwa msajili gani, kisha aulize msajili huyo hupeleka wapi majina yake yaliyoisha muda. Jina la msajili linapatikana bure: ICANN ina ukurasa wa kutafutia kumbukumbu za majina.

Kwenye mnada, weka kikomo chako kabla haujaanza na usikivuke. Mwaka 2009 SnapNames yenyewe ilitangaza kuwa mfanyakazi wake wa ngazi ya juu alikuwa ameshiriki minada yake kwa jina la bandia tangu 2005, akiwapandishia wateja bei. Kampuni ilimwondoa na ikaahidi kuwarejeshea fedha walioathirika, pamoja na riba. Mnadani huoni uso wa anayeshindana nawe.

Chunguza pia historia ya jina. Kumbukumbu za kurasa za zamani zinazotunzwa na Internet Archive zitakuonyesha lilitumika kwa nini miaka iliyopita. Jina lililokuwa la shule ya awali, kisha likageuzwa la kamari, linabeba doa. Machi 2024 Google iliingiza katika sera zake katazo la wazi dhidi ya kununua majina yaliyoisha muda ili kupandisha kurasa zisizo na thamani kwa sifa za mwenye jina wa awali. Na kulidaka jina hakukupi haki ya alama ya biashara ya mtu. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa usuluhishi ambao mwenye alama anaweza kuutumia kukunyang'anya jina ulilolichukua kwa nia mbaya, nawe ukapoteza na ulicholipa. Kabla ya kutoa dau, pitia kumbukumbu za alama za biashara za BRELA kama uko Tanzania, au za KIPI kama uko Kenya.

Upande wa pili wa biashara hii ndio unaonigusa zaidi, upande wa anayepoteza. Jina likienda, barua pepe zake zote zinakwenda nalo. Aliyelichukua anaweza kupokea ujumbe uliokusudiwa kwako, hata ule wa kubadilisha nywila za akaunti zako. Septemba 2024 watafiti wa usalama wa kampuni ya watchTowr walieleza jinsi walivyonunua kwa dola 20 jina dotmobiregistry.net, lililokuwa la seva ya zamani ya kumbukumbu za majina ya .mobi na likaachwa life. Katika muda wa siku chache, mifumo zaidi ya 135,000 ilikuwa bado inaiuliza seva hiyo maswali, baadhi yake ikiwa mitambo ya barua pepe ya serikali na majeshi. Hao walikuwa watafiti wenye nia njema. Angelinunua mhalifu, asingetangaza.

Kwetu, jina hupotea kwa njia ya kawaida sana. Mwenye biashara humlipa kijana wa kutengeneza tovuti, naye kijana analisajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Miaka inapita, kijana anahamia mji mwingine au kazi nyingine. Kanuni za ICANN zinamlazimu msajili atume ukumbusho takriban mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, tena wiki moja kabla, na mara nyingine ndani ya siku 5 baada ya kwisha. Zote tatu zinafika kwa kijana, na mwenye duka hajui lolote hadi wateja waanze kumuuliza mbona tovuti haifunguki. Majina ya .co.tz na .co.ke yana rejesta zake, TCRA na KeNIC, zenye kanuni zao, lakini nayo yana tarehe ya mwisho na nayo huachiwa yasipolipiwa.

Kama una biashara, shule, kituo cha afya au taasisi ya dini yenye tovuti, muulize leo aliyekutengenezea tovuti hiyo: jina limesajiliwa kwa barua pepe ya nani na linaisha lini. Lihamishie kwa barua pepe ya taasisi ambayo haitegemei jina hilo hilo, washa malipo ya kujirudia, na kama fedha inaruhusu lilipie miaka kadhaa kwa pamoja. Kadi iliyosajiliwa kwa malipo nayo ina tarehe yake ya kuisha, iangalie.