Haki ya mtoto wa vita haiishii mahakamani

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika vita vya kaskazini mwa Uganda, nyasi hizo zilikuwa watoto. Naieleza kesi yao kwa sababu ina funzo kwetu sisi wa Pwani.

Februari 4, 2021, Mahakama ya ICC huko The Hague ilimpata Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, na hatia ya makosa 61. Miongoni mwayo ni kuwatia vitani watoto wa chini ya miaka 15 na kuwaoza wasichana kwa nguvu. Alifungwa miaka 25. Ongwen mwenyewe alitekwa na LRA akiwa na umri wa takriban miaka tisa. Majaji walimpunguzia adhabu kwa hilo, lakini hawakumwondolea hatia.

Februari 28, 2024, waliagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathiriwa wanaokadiriwa kuwa 49,772. Kila mmoja apate euro 750 kama ishara ya kutambuliwa, na jamii zisaidiwe kujijenga upya. Lakini Ongwen hana mali, hivyo pesa hizo zinategemea mfuko wa waathiriwa unaoishi kwa michango. Hukumu imetoka, pesa bado zatafutwa.

Lililonigusa zaidi ni kwamba majaji waliwahesabu watoto waliozaliwa msituni kuwa waathiriwa pia. Huko nyumbani wengi huitwa watoto wa waasi. Na kwa kuwa ardhi hurithiwa upande wa baba, asiyejua ukoo wa babake hana shamba. Euro 750 hazimpi ukoo.

Hapa kwetu, Kwale na Mombasa zina familia ambazo vijana wao walivutwa kwenda kupigana Somalia. Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa wale ambao wangejisalimisha. Wazazi wanaweza kusamehewa au kushtakiwa, lakini mtoto hakuchagua safari ya babake. Tukimwita mtoto wa gaidi skulini au madrasa, tumemhukumu bila kesi.

Fidia ni kazi ya mahakama na serikali. Heshima ni kazi yetu: mwalimu amwandikishe bila maswali ya kejeli, imamu amtetee, wazee wa mtaa walinde urithi wake. Hayo hayangoji The Hague.