Pudini ya Mkate na Siagi: Sayansi ya Mkate Uliolala

Katika nyumba nyingi mkate uliobaki tangu juzi huhesabiwa kuwa kitu kisicho na kazi. Hautafuniki vizuri, haupendezi mezani, na mgeni akiandaliwa mkate huo huona kwamba amedharauliwa. Basi hutupwa jaani au hupewa kuku. Hasara hiyo si ndogo, kwani sehemu kubwa ya ngano inayoliwa katika Tanzania na Kenya hununuliwa nchi za nje kwa fedha za kigeni.

Huko Uingereza, kwa upande mwingine, mkate wa namna hiyo hiyo hupikiwa chakula kitamu ambacho wageni huandaliwa mwishoni mwa mlo wa jioni. Chakula hicho ni pudini ya mkate na siagi. Maelezo ya kuipika yamo katika kitabu cha mapishi cha Eliza Smith, kilichosomwa sana nchini humo katika karne ya 18. Waingereza walikuwa na sababu ya kuuthamini mkate mkuukuu: baada ya Vita Vikuu vya Pili mkate wenyewe uligawiwa kwa kipimo, tangu Julai 1946 hadi Julai 1948.

Upishi wake ni rahisi kueleza. Vipande vya mkate hupakwa siagi, hupangwa katika bakuli, hunyunyiziwa zabibu kavu, kisha humiminiwa maziwa yaliyokorogwa pamoja na mayai na sukari. Mwisho huokwa. Hata hivyo, wapishi wawili wanaotumia vipimo vile vile huweza kupata matokeo tofauti kabisa. Pudini ya mmoja hutoka laini, imeshikamana. Ya mwenziwe hutoka na mabonge yanayoelea katika maji. Tofauti hiyo haitokani na mkono wa bahati, bali ina sababu zinazoweza kuchunguzwa darasani.

Mkate uliolala si mkate uliokauka

Watu wengi hudhani kwamba mkate huwa mgumu kwa sababu maji yake yametoka. Dhana hiyo ilipingwa mwaka 1852 na mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault. Yeye alionyesha kwamba mkate huchakaa hata ukizuiwa usipoteze maji, na kwamba mkate huo ukipashwa moto huurudia ulaini wake. Kama sababu ingekuwa kukauka tu, moto ungeuzidishia ugumu.

Ufumbuzi umo katika wanga. Chembe za wanga wa ngano zina molekuli ndefu za aina mbili: amilosi, ambayo ni kama uzi ulionyooka, na amilopektini, ambayo ina matawi mengi kama mti. Unga uliokandwa kwa maji unapookwa na kupita nyuzi 60 za Sentigredi hivi, chembe hizo hunywa maji, huvimba, na mpangilio wa molekuli zake huvurugika. Hapo ndipo mkate unapopata ulaini wake.

Mkate ukipoa, molekuli huanza kurudi katika safu. Amilosi hujipanga mapema, katika saa za kwanza, na kuuwezesha mkate kukatwa bila kubomoka. Amilopektini hujipanga polepole kwa siku kadhaa, na kufanya fuwele ndogondogo zinazoukaza mkate. Katika miaka ya 1920 na 1930 mkemia wa Uholanzi, J. R. Katz, aliyachunguza mabadiliko haya kwa kutumia eksirei. Jambo la kushangaza ni kwamba fuwele hizo hujengeka upesi zaidi katika baridi ya jokofu kuliko katika joto la kawaida la chumbani. Kwa hiyo anayeweka mkate katika jokofu ili usichakae huuharakisha kuchakaa, ingawa huuchelewesha kuota ukungu.

Sasa yafaa kutazama yanayotokea katika bakuli la pudini. Mkate mpya ukilowekwa katika maziwa hulegea na kuvurugika kama uji. Mkate uliolala una kuta zilizokazwa na fuwele. Hunywa maziwa kwa matundu yake, kama sifongo, bila kupoteza umbo. Halafu, unapokuwa jikoni na joto lake kuvuka nyuzi 60, fuwele za amilopektini huyeyuka na mkate hulainika upya. Kwa hiyo ugumu wa mkate wa juzi husaidia wakati wa kuloweka, na moto huuondoa wakati wa kuoka.

Kazi ya mayai

Maziwa peke yake hayawezi kuganda kwa moto. Kazi hiyo ni ya protini za yai. Molekuli ya protini katika yai bichi imekunjwa kama mpira wa uzi. Joto huikunjua, na nyuzi zilizokunjuka hushikana na kuwa wavu unaozuia maji yasitembee. Ute wa yai peke yake huanza kuwa mzito katika nyuzi 62 hivi, na kiini katika nyuzi 65. Lakini yai likichanganywa na maziwa, molekuli zake huwa mbali mbali, na sukari nayo huzipunguzia kasi ya kukunjuka. Ndiyo sababu mchanganyiko wa pudini hauanzi kushikamana mpaka ukaribie nyuzi 80.

Hapa pana hatari. Joto likizidi nyuzi 85 hivi, nyuzi za protini huendelea kukazana, na wavu huyakamua maji uliyokuwa umeyashika. Matokeo yake ni mabonge magumu yaliyozungukwa na maji, yaani pudini iliyokatika. Kati ya kushikamana na kukatika pana nyuzi chache tu. Mpishi asiye na kipimajoto atawezaje kuilenga nafasi nyembamba namna hiyo?

Maji kama mlinzi wa joto

Wapishi wa zamani walilitatua tatizo hili kabla ya wanasayansi kulieleza: waliliweka bakuli ndani ya sinia lenye maji. Hewa ya tanuri huweza kuwa na nyuzi 160, lakini maji hayawezi kupita kiwango chake cha kuchemka, ambacho ni nyuzi 100 katika usawa wa bahari. Zaidi ya hayo, maji yanayogeuka mvuke huchukua joto jingi mno. Kuipasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 336 hivi. Kuyageuza maji hayo hayo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani zaidi ya mara sita. Kwa sababu hiyo maji yaliyo wazi katika tanuri hupoa kwa kutoa mvuke, na mara nyingi hayafikii hata kuchemka. Kingo za bakuli hulindwa, na joto hufika katikati polepole.

Kimo cha mahali nacho kina athari. Kiwango cha kuchemka hupungua kwa nyuzi 1 hivi kila mita 300 za kupanda. Dar es Salaam maji huchemka karibu na nyuzi 100. Nairobi, iliyo katika kimo cha mita 1,700 hivi, huchemka karibu na nyuzi 94.

Vipande vya juu, visivyofunikwa na maziwa, hufuata njia nyingine. Maji yake yakiisha, joto lake hupanda mpaka nyuzi 140 na zaidi, ambapo protini na sukari huungana na kutoa rangi ya hudhurungi na harufu nzuri. Mfanyiko huo ulielezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard, nao ndio unaoipa rangi nyama ya kuchoma na ganda la mkate.

Namna ya kuipika

Kwa wageni 6 vipimo hivi vyatosha: mkate uliolala siku 1 au 2, gramu 250, siagi, gramu 50, zabibu kavu, gramu 60, maziwa, mililita 600, mayai 3, sukari, gramu 60, na kungumanga iliyokunwa kidogo. Waingereza hutumia kungumanga mara nyingi katika pudini hii, nayo ni zao linalojulikana sana Unguja na Pemba.

Mkate ukatwe vipande vyembamba, upakwe siagi, na kupangwa pamoja na zabibu katika bakuli lililopakwa siagi. Maziwa yapashwe mpaka yawe vuguvugu, yasichemke. Mayai na sukari yakorogwe, kisha maziwa yamiminwe juu yake kidogo kidogo huku yakikorogwa; maziwa ya moto yakimiminwa kwa pupa huyaivisha mayai kabla ya wakati. Mchanganyiko umiminwe juu ya mkate na kuachwa nusu saa, ili upenye mpaka ndani. Nyakati za joto kali ni afadhali usubiri mahali penye baridi.

Bakuli liwekwe katika sinia lenye maji ya moto yanayofikia nusu ya kimo chake, na kuokwa katika nyuzi 160 hadi 170 kwa dakika 40 hadi 45. Pasipo na tanuri, sufuria yenye maji kidogo na bakuli ndani yake huweza kupaliwa makaa: moto mdogo chini, na makaa mengi zaidi juu ya kifuniko. Pudini huwa tayari ukingo wake unaposhikamana na katikati yake kutikisika kidogo tu. Itolewe wakati huo na kupumzishwa dakika 10 au 15, kwani joto la ukingoni huendelea kuivisha katikati.

Usalama wa wageni

Mayai mabichi huweza kuwa na bakteria wa Salmonela, wanaosababisha homa na kuhara. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kifikie nyuzi 70 katikati, na kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la chumbani kwa zaidi ya saa 2. Pudini iliyoshikamana mpaka katikati imekwisha kuvuka nyuzi 70. Ile ambayo katikati yake bado ni maji haijawa salama.

Aidha, mkate uliolala usichanganywe na mkate ulioota ukungu. Wa kwanza ni chakula. Wa pili hutupwa wote, kwa sababu nyuzi za ukungu huenea ndani zaidi ya pale panapoonekana, na baadhi ya sumu za kuvu haziharibiwi na joto la jikoni. Ubaya wa sumu hizo ulidhihirika mwaka 2004 nchini Kenya, ambapo mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125.

Majaribio kwa shule

Jaribio la kwanza: chukua vipande viwili vya mkate mmoja ulio mpya, vipime uzito, kisha kimoja kifungwe vizuri katika mfuko wa plastiki na kingine kiachwe wazi. Baada ya siku 2 vipimwe tena. Kilichofungwa kitakuwa karibu na uzito wake wa awali, lakini kitakuwa kimekazana. Kiwekwe juu ya mvuke dakika chache, na wanafunzi waeleze kilichotokea.

Jaribio la pili: yai 1 likorogwe na mililita 200 za maziwa, na mchanganyiko ugawanywe katika neli tatu za majaribio. Kila neli iwekwe dakika 20 katika maji ya joto tofauti: nyuzi 65, nyuzi 80, na maji yanayochemka. Ya kwanza itabaki majimaji, ya pili itashikamana, na ya tatu itakuwa na matundu na maji yaliyojitenga. Vyakula vya majaribio visiliwe.

Mwalimu wa kemia atapata hapa somo la fuwele na protini. Wa fizikia, somo la joto la mvuke. Wa sayansi kimu, chakula cha kuandaa mezani. Na mwanafunzi akirudi nyumbani akaukuta mkate wa juzi, ataweza kuwaeleza wazazi wake kwa nini usitupwe, na kuwaonyesha kwa vitendo.