MNYAMA WA TENDAGURU ANAYEISHI BERLIN

Nikitaja dinosaria, najua wengi wenu mtafikiria Marekani na sinema zake. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kumbe mmoja wa wakubwa kabisa alizikwa hapa kwa majirani zetu, kilimani Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania!

Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan brancai. Aliishi zama za Jura, yapata miaka milioni 150 iliyopita, na chakula chake kilikuwa majani tu. Miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, kwa hivyo mgongo wake uliteremka kama wa twiga. Lakini twiga ana mifupa saba ya shingo, sawa na wewe na mimi. Huyu alikuwa nayo 13, tena yenye nafasi za hewa ndani. La sivyo, angeiinuaje shingo ile? Kutafuna hakujua. Alikwanyua majani akayameza, kazi iliyobaki ikawa ya tumbo.

Sasa nije kwa jambo lililonigusa zaidi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi ile, walichimbisha mifupa zaidi ya tani 200. Lori hakuna, reli hakuna. Wapagazi waliibeba hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, wakarudi wakabeba tena. Mimi nikibeba ndoo moja ya maji kutoka kisimani, shingo inalia! Na kumbukeni vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha 1907 tu, na njaa ilikuwa imewamaliza watu wa kusini. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani.

Huko Berlin mifupa iliunganishwa, na mwaka 1937 mnyama akasimamishwa katika jumba la makumbusho. Yuko huko hadi leo, kimo chake mita 13.27. Hilo "brancai" latokana na Branca, mkuu wa makumbusho wa siku hizo, ambaye ati hakubeba hata kifupa kimoja. Boheti alingoja hadi 2007, ndipo dinosaria mwingine wa Tendaguru, naye wa shingo ndefu, akaitwa Australodocus bohetii.

Kule Tanzania imedaiwa zaidi ya mara moja kwamba mifupa irudishwe. Mimi nawaunga mkono. Mpaka sasa mtoto wa Lindi akitaka kumwona mnyama wa kwao amesimama wima, sharti apande ndege.