Kumwachia mbwa akimbie Dodoma: raha ipo, lakini soma haya kabla ya kufungua kamba

Mbwa aliyeshinda bandani kutwa nzima akifunguliwa kamba kwenye eneo pana, dakika tano za kwanza huwa ni vituko. Anazunguka mbio, anachimba, ananusa kila kichaka, kisha anamrudia mwenyewe kwa kasi kana kwamba hawajaonana mwaka mzima. Mwenye mbwa naye anabaki kucheka peke yake.

Dodoma ni mahali ambapo raha hiyo inapatikana kirahisi. Jiji limetanuka haraka tangu Serikali ilipoamua kuhamia huko mwaka 2016, na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 ndani ya jiji. Nyumba zenye ukuta na mbwa wa ulinzi zimeongezeka Kisasa, Ilazo, Iyumbu na kuelekea Mtumba. Katikati ya nyumba hizo bado kuna viwanja visivyojengwa, makorongo yenye mchanga na vichaka.

Ila maeneo hayo hayana uzio. Mbuzi wanapita hapo, watoto wanakatiza hapo kwenda shule, na mbwa wengine wanazurura hapohapo bila mtu kujua kama walishawahi kuchanjwa.

Wenzetu wanafanyaje?

Katika nchi kama Marekani kuna bustani maalumu za mbwa. Mojawapo ya zile za mwanzo kabisa ni Ohlone, katika mji wa Berkeley, California, iliyofunguliwa mwaka 1979. Kinachozifanya bustani hizi zifanye kazi ni uzio, na mara nyingi mageti mawili yanayofuatana: unafunga la kwanza ndipo unafungua la pili, mbwa asipate upenyo wa kutoroka. Ndani kuna maji ya kunywa, na kila mtu anaokota kinyesi cha mbwa wake.

Hata huko malalamiko hayaishi. Mbwa wanapigana, wanaambukizana magonjwa, na wapo wenye mbwa wanaofika, wanafungua kamba, kisha macho yote yanahamia kwenye simu.

Bustani maarufu za Dodoma, kama Nyerere Square na Chinangali, zilitengenezwa kwa ajili ya watu. Mbwa anayekimbia ovyo kati ya watoto wanaokula aiskrimu hana nafasi pale.

Hata hivyo, mbwa asiye na kamba si kitu kigeni katika nyanda za kati. Vijijini Chamwino au Bahi, mbwa hutembea na mchungaji siku nzima bila kufungwa. Tofauti ni kwamba mbwa yule amekua na mbuzi, anawajua, na ana kazi ya kufanya. Mbwa wa mjini aliyezoea kufungwa mchana na kufunguliwa usiku ndani ya geti anaweza kuwa hajawahi kumwona mbuzi kwa karibu. Siku akimwona, anamkimbiza.

Faida zake ni za kweli

Mbwa anaielewa dunia kwa pua. Akiwa kwenye kamba fupi ananusa anakopelekwa, lakini akiwa huru anachagua mwenyewe, na kazi hiyo inamchosha akili kuliko watu wengi wanavyodhani. Mbwa aliyechoka vizuri hulala. Yule asiyetoka kabisa mara nyingi ndiye anayebweka usiku kucha, anayechimba bustani na kutafuna viatu vya wageni.

Sheria nayo inaligusa jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na miongoni mwa misingi ya ustawi inayotambulika ni mnyama kupata nafasi ya kuonyesha tabia zake za asili. Mnyororo wa mita moja kutwa nzima hauwezi kumpa mbwa nafasi hiyo.

Mwenye mbwa naye anafaidika. Anatembea, anapata hewa, na anafahamiana na majirani. Mtaani watu hujuana kwa majina ya mbwa: "mwenye Simba", "mama Jeki".

Hatari kubwa: kung'atwa ambako hakuna aliyekuona

Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda kibichi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likikadiria vifo vya watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Afrika na Asia. Karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa.

Hapa ndipo kufungua kamba kunapohusika. Mbwa akiingia kichakani kwa dakika tatu, mwenyewe hajui amekutana na nani. Anaweza kung'atwa kidogo shingoni, manyoya yakaficha jeraha, akarudi nyumbani anatikisa mkia. Ugonjwa unaweza kujificha wiki kadhaa au miezi. Siku dalili zinatokea, hakuna anayekumbuka jioni ile ya korongoni, na kwa wakati huo mbwa ameshawalamba watoto wote wa nyumba.

Kinga ipo na inajulikana. Kwa kawaida mbwa huchanjwa anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudia kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea kusambaa. Maana yake ni kwamba chanjo ya mbwa mmoja inamlinda pia mtoto wa jirani. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na siku za karibu na hapo ni wakati mzuri wa kumuuliza afisa mifugo wa kata kama kuna kampeni ya chanjo.

Mbwa akirudi na jeraha lisiloeleweka, apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama ana chanjo.

Mitego ya ardhi ya Dodoma

Ya kwanza ni mbigili. Kila anayeishi Dodoma anaijua, maana inatoboa hata ndala. Mbwa akianza kuchechemea ghafla, kagua katikati ya vidole vyake.

Ya pili ni jua. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu, bali hujipoza zaidi kwa kuhema. Jemani shepadi mwenye manyoya mazito akikimbizwa saa saba mchana mwezi Oktoba anaweza kuzidiwa na joto na kufa. Nenda mapema asubuhi au jua likishapoa, na beba maji. Lami nayo huchoma: weka mgongo wa kiganja chako chini kwa sekunde saba. Usipovumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia.

Ya tatu ni kupe. Kwenye majani na njia za mifugo wapo, na hubeba magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa akose hamu ya kula, apate homa na ufizi kuwa mweupe. Kila mkirudi nyumbani, mpapase masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

Ya nne huwashangaza wengi: zabibu. Dodoma ndiyo nyumbani kwa zabibu za Tanzania, na mashamba yapo hadi Hombolo, Makutupora na Mpunguzi. Tunda hilo, bichi au kavu, linaweza kuharibu figo za mbwa. Wapo wanaokula wasidhurike, wapo wanaozidiwa kwa kiasi kidogo, na hakuna njia ya kujua mapema nani yuko kundi gani. Mbwa akiokota zabibu shambani kisha akaanza kutapika, usisubiri kesho.

Wengine wana haki yao

"Usiogope, hang'ati" ni maneno ambayo mpita njia hana sababu ya kuyaamini. Mtu anayefanya mazoezi akiona mbwa mkubwa anamjia mbio, moyo unaruka, na akikimbia mbwa ndiyo anazidi kufukuza.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayekwenda kuswali Magharibi akirukiwa na mbwa mwenye furaha, kwake si mchezo, ni usumbufu mkubwa.

Mfugaji naye anaweza kupoteza mbuzi mwenye mimba kwa dakika mbili za "kucheza". Maneno "alikuwa anacheza tu" hayamrudishii mbuzi wake.

Kuna na suala la uzazi. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, kwa takriban wiki tatu, na mimba huchukua kama siku 63. Jike au dume asiyehasiwa akiachiwa ovyo, miezi miwili baadaye kuna watoto ambao hakuna anayewataka, na wengi huishia majalalani kuwa mbwa koko. Sehemu mbalimbali nchini, mbwa wanaozurura wamekuwa wakiuawa kwa risasi au sumu. Mbwa wako akitoroka bila mkanda wa shingo, hakuna atakayemtofautisha na wao.

Mbadala uliopo tayari: kiwanja chenye ukuta

Dodoma imejaa viwanja vilivyozungushiwa ukuta vikisubiri mwenyewe apate fedha za kujenga. Hicho ndicho kitu cha karibu zaidi na bustani ya mbwa. Majirani watatu au wanne wenye mbwa wanaweza kumwomba mwenye kiwanja, wakamlipa kwa kufyeka majani na kukitunza.

Masharti yawe machache na yaeleweke. Anayeingia awe na kadi ya chanjo. Jike mwenye joto abaki nyumbani. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo zake asiletwe, kwa sababu kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi na huua watoto haraka. Kinyesi kiokotwe, maana mayai ya minyoo yaliyomo huwapata watoto wa binadamu pia. Kabla ya kufungua kamba, mtu apite kukagua vipande vya chupa, misumari, nyoka na mbigili.

Mbwa wapya wakutanishwe wawili wawili. Ukiona mmoja amekakamaa, mkia umesimama na nywele za mgongoni zimenyanyuka, waite na uwatenganishe mapema. Vita vikianza, usiingize mkono katikati. Mwagia maji.

Mtihani kabla ya kumfungua

Mbwa asiyekuja akiitwa hajawa tayari. Mafunzo yanaanzia ndani ya geti: mwite jina, akija mpe kipande cha dagaa. Akizoea, tumia kamba ndefu ya mita kumi nje, ukimwita wakati ananusa kitu kinachompendeza. Usimwite ili umchape. Akijifunza kuwa kuja ni kupigwa, hatakuja tena.

Kipimo ni hiki: kukiwa na mbuzi wanapita kwa mbali na mbwa yuko kwenye kamba ndefu, akiitwa mara moja anageuka? Kama hageuki, aendelee kutembezwa kwa kamba. Matembezi ya nusu saa ya kunusa, kwa kamba ndefu, yanampa sehemu kubwa ya raha hiyohiyo.

Mtu aking'atwa

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya kienyeji. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku zilizopangwa, na kuruka dozi ni hatari. Kwa majeraha makubwa, mhudumu anaweza kuongeza sindano nyingine ya kinga kwenye jeraha lenyewe.

Kama mbwa anajulikana, asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na afisa mifugo ajulishwe, kwa sababu kumwangalia kwa siku kumi husaidia kujua kama alikuwa mgonjwa. Lakini matibabu ya mtu yasisubiri siku hizo kumi ziishe.

Na watoto waambiwe waziwazi kwamba wakikwaruzwa au kung'atwa waseme, hawatachapwa. WHO inasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anayeficha jeraha kwa kuogopa fimbo anaweza kupoteza siku ambazo zingemwokoa.