Choo Kinacholinda Matumbawe

Je, wajua kwamba mtu mzima mmoja, kwa kula na kunywa kwake kwa kawaida, hutoa takriban gramu 11 za naitrojeni kila siku, na kwamba sehemu kubwa ya hizo, asilimia 80 hadi 90, hutoka na mkojo? Shambani, hiyo ni mbolea ambayo mkulima angeinunua. Ikifika kwenye mwamba wa matumbawe, ni maradhi yanayoua polepole. Ndiyo maana katika kisiwa cha Chumbe hakuna choo cha kuvuta maji. Mgeni aliyelipia mapumziko ya kifahari huenda haja kwenye choo cha mboji, na akimaliza huchota majani makavu akayamwaga ndani yake.

Chumbe ni kisiwa kidogo kisichozidi hekta 25, kama kilomita 12 kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na msikiti mdogo waliojengewa walinzi wa mnara huo. Mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliutangaza mwamba wa upande wake wa magharibi kuwa hifadhi, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni ya Chumbe Island Coral Park, iliyoasisiwa na Mjerumani Sibylle Riedmiller. Msitu wa kisiwa nao ukahifadhiwa. Fedha za wageni ndizo zinazoendesha shughuli zote, kuanzia mishahara ya walinzi hadi safari za wanafunzi, ilhali nyumba za kulala ni 7 tu.

Wanaokisifia kisiwa hiki huanza na samaki, na wana haki. Mwamba wake una zaidi ya aina 400 za samaki, na aina za matumbawe magumu zinakaribia 200, ambazo ni sehemu kubwa sana ya zote zinazojulikana Afrika Mashariki. Wageni huogelea juu juu kwa miwani ya maji na mrija. Mitungi ya hewa wameachiwa watafiti. Lakini mimi naona sifa ya kwanza inastahili kwenda nyuma ya nyumba, chooni, kwa sababu mwamba unaweza kulindwa mchana kutwa dhidi ya nyavu na nanga, kisha ukauawa usiku na kinachotoka bafuni mwa mlinzi mwenyewe.

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya ngozi yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wao. Taka za mnyama nazo huwa mbolea ya mwani. Kwa kuwa wanarudishiana hivyo, wanaweza kuishi katika maji maangavu ambayo kwa viumbe wengine wengi ni jangwa, maji yasiyo na rutuba. Ufukara huo wa maji ndio unaowapa nafasi. Naitrojeni na fosforasi zikiingia kwa wingi, mwani wa aina nyingine, ule wa majani na nyuzinyuzi, hushamiri juu ya mwamba, ukaziba jua na kuwafunika matumbawe. Tumbawe mchanga anayeelea akitafuta jiwe tupu la kushika hakuti pa kushika. Samaki kama pono na kangaja hula mwani mchana kutwa, ila nao wana kiasi chao, hasa pale wenzao wengi walipokwisha kuvuliwa.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Mwaka 2019 zilichapishwa takwimu za miongo mitatu kutoka Looe Key, mwamba ulio kusini mwa Florida nchini Marekani. Watafiti walionyesha kwamba naitrojeni kutoka nchi kavu ilikuwa imebadilisha uwiano wake na fosforasi ndani ya maji, na matumbawe yaliyoishi katika hali hiyo yakawa dhaifu mbele ya joto. Maji machafu, kwa hiyo, huyapunguzia matumbawe nguvu ya kustahimili mambo mengine yanayokuja baadaye.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini wasichimbe shimo la kawaida, kama tunavyofanya majumbani? Jibu liko chini ya miguu. Chumbe ni mwamba wa kale wa matumbawe ulioinuka juu ya bahari ukageuka jiwe. Jiwe hilo limejaa matundu. Ukimwaga ndoo ya maji huoni dimbwi, yamekwisha kupenya. Udongo unaoweza kuchuja uchafu ni kidogo mno, umejificha kwenye nyufa baina ya mizizi. Shimo la choo katika ardhi ya namna hiyo ni njia ya mkato ya kufika baharini, na bahari haiko mbali na mlango wa nyumba yoyote kisiwani. Sehemu kubwa ya mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, imekaa juu ya jiwe la aina hiyo hiyo, na katika Mji Mkongwe kwenyewe mabomba ya maji machafu yamekuwa yakiishia baharini kwa miaka mingi.

Sasa tuingie ndani ya choo chenyewe. Chini ya kiti hakuna maji, kuna chumba. Kinachoanguka humo kina naitrojeni nyingi na kaboni kidogo. Majani makavu, kinyume chake, yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria wanaotengeneza mboji hufanya kazi vizuri kaboni inapokuwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, na ndiyo sababu ya ule mchoto wa majani: mgeni hafuniki aibu, anakamilisha mlo wa viumbe wasioonekana. Majani hufanya kazi ya pili pia. Yanaacha nafasi za hewa ndani ya lundo, na hewa ndiyo inayotofautisha mboji na uvundo. Penye oksijeni, bakteria huvunja uchafu ukawa hewa ya ukaa, mvuke na udongo mweusi. Pasipo oksijeni, kazi huchukuliwa na bakteria wengine wanaotoa harufu ya mayai viza. Unyevu nao una kiwango chake: lundo linatakiwa liwe kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa, si kikavu wala si cha kutiririka.

Harufu inayobaki huondolewa na jua. Dohani huchomoza kutoka kwenye chumba cha chini hadi juu ya paa, na ikipakwa rangi nyeusi hupata moto mchana. Hewa iliyo ndani yake hupanda, ikaivuta hewa ya chini ifuate. Mvuto huo huanzia kwenye tundu la kiti, ukielekea chini na kutoka nje, kwa hiyo aliyekaa hasikii kitu. Hakuna feni, hakuna umeme. Vijidudu vya maradhi huisha kwa joto la lundo na kwa muda mrefu wa kuachwa, na mwisho wake ni udongo. Naitrojeni iliyokuwa iende baharini imefungwa humo, nyingine imeyeyukia hewani.

Choo kisichotumia maji kina maana yake katika kisiwa kisicho na kisima. Chumbe hakina maji baridi chini ya ardhi. Yote yanayotumika hushuka kutoka mbinguni. Ndiyo sababu mapaa ya nyumba zake ni makubwa kupita mahitaji ya kivuli. Mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na ile ya vuli mwishoni mwa mwaka, hupita kwenye chujio la mchanga na kokoto, ikaingia kwenye hodhi lililo chini ya sakafu ya nyumba. Kutoka hapo maji hupandishwa kwa pampu ya mkono, mengine yakapashwa moto na jua kwa ajili ya kuoga. Hesabu yake si ngumu: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Unguja hupata kama milimita 1,600 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea lita 160,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Ni nyingi kwa anayezichunga. Kwa asiyejali, si kitu: mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu kwamba mtalii katika pwani ya mashariki ya Unguja alikuwa akitumia kwa wastani lita 685 kwa siku.

Maji ya kuogea nayo hayaachiwi yaende yatakako. Huelekezwa kwenye kitalu kilichopandwa mimea yenye uchu wa rutuba, nayo hunyonya naitreti na fosfeti za sabuni kabla jiwe halijazimeza. Umeme ni wa jua. Njia za msituni hazina taa. Mgeni hupewa tochi, ili viumbe wa usiku wasivurugwe.

Mmoja wa viumbe hao ni kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani, anayeweza kufika kilo 4. Usiku hutoka kwenye mashimo ya mwamba akinusa matunda yaliyoanguka na mabaki ya jikoni, na gando lake hupasua kifuu. Ameshaacha bahari kiasi kwamba ukimzamisha anakufa. Hata hivyo jike hurudi ufukweni kuachia mayai majini, na vifaranga huelea wiki kadhaa kabla ya kupanda nchi kavu wakiwa wamebeba makombe ya konokono mgongoni. Mnyama huyu anahitaji msitu mzima na bahari safi kwa pamoja. Katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi ameliwa au kufanywa chambo hadi akaadimika. Chumbe bado yupo, na paa nunga, swala mdogo wa misitu ya pwani anayepungua kote alikobaki, naye alihamishiwa huko.

Walinzi wa hifadhi wengi wao walikuwa wavuvi kutoka vijiji vya jirani. Hawabebi silaha. Mtumbwi ukiingia upande uliofungwa, humsogelea mwenzao wakamweleza kwamba samaki anayekua hapa hatakaa hapa, atavuka mpaka aende upande wa mashariki ulio wazi kwa uvuvi. Maneno hayo yana uzito yakitoka kinywani mwa mtu aliyevuta mishipi katika maji yale yale. Na tangu miaka ya 1990 wanafunzi wa Unguja wamekuwa wakipelekwa Chumbe bila malipo, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona tumbawe hai ingawa wamezaliwa kisiwani. Hili nalihesabu kuwa muhimu kuliko tuzo zote ambazo hifadhi hii imepata, ikiwemo ile ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000.

Choo hakiwezi kuipoza bahari. Nyumba za Chumbe zilipokea wageni kuanzia 1998, mwaka ule ule El Niño ilipopausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, na joto limerudi tena tangu hapo. Kinachowezekana kisiwani ni kuuondolea mwamba mzigo mmoja ili uwe na nguvu ya kupona.

Mzigo huo unapimika. Nyumba 7, wageni wawili kila moja, zikijaa mwaka mzima, ni takriban kilo 56 za naitrojeni zilizozuiliwa zisiende moja kwa moja mwambani. Hoteli ya wageni 300 juu ya jiwe lile lile, kwa kipimo hicho hicho, ni zaidi ya tani 1 kwa mwaka. Kwa hiyo mwekezaji anapoleta michoro ya hoteli ya ufukweni, Unguja, Diani au Mafia, mwenye mamlaka ya kupiga muhuri aanze na ukurasa wa mabomba, afuate kwa kidole chake hadi bomba la choo linapoishia, ndipo ahesabu vitanda.