Jasho la Jumapili Pekee Latosha?

Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba. Leo ninakusudia kueleza jambo linalozua ubishi mkali huku kwetu mtaani Jamhuri: mtu mzima ambaye uzito wake umezidi afanye mazoezi siku ngapi kwa juma ili siha yake inufaike? Wako wanaoshikilia kwamba mpira wa Jumapili asubuhi, jasho likichuruzika, unatosha kabisa. Wako wanaosema ni kila siku, la sivyo ni kazi bure. Na wako wale wasiofanya lolote, ati wanangoja kupata nafasi.

Huenda ukauliza, sisi wanafunzi yatuhusu nini haya? Yatuhusu sana, kwa kuwa wanaozungumziwa ni wazazi wetu na walimu wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliowapima Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba asilimia 27 walikuwa wanene kupita kiasi kinachofaa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume 17.5. Utafiti huo huo ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Nyumbani kwetu hizo si tarakimu tu. Babu yangu alipooza upande mmoja kwa kiharusi, na mwaka jana mjomba, ndugu yake mama, aliambiwa kwamba presha yake imepanda. Ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza maswali.

Kwanza, tujue ni nani hasa mwenye uzito uliozidi. Kitambi peke yake si kipimo. Matabibu huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene wa kutia hofu. Chukua mtu mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.65. Zidisha 1.65 kwa 1.65, upate 2.72. Gawanya 80 kwa 2.72, upate 29 na ushei. Mtu huyo amezidi, na bado kidogo tu afike 30. Hesabu hii ni nyepesi, hata sisi tunaokimbia somo la hisabati twaiweza!

Sasa tuje kwenye mazoezi yenyewe. Fikiria matatu ya Ngong Road. Dereva ameketi kutwa nzima, mikono kwenye usukani. Makanga naye anashuka, anapanda, anakimbiza gari, anaita abiria. Je, ni nani kati yao mwenye moyo imara zaidi? Swali kama hili lilijibiwa zamani huko London. Daktari mmoja, Jerry Morris, pamoja na wenzake, waliwachunguza maelfu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, na mwaka 1953 wakachapisha matokeo. Makondakta, waliopanda kati ya vidato 500 na 750 kila siku ya kazi, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Mwaka 1956 wakachunguza hata saizi za suruali za sare, na kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Mtu angesema, aha, basi ni unene tu! La hasha. Kondakta mnene naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene mwenzake. Hapa pana funzo kubwa: mwili unaotembea hunufaika hata kabla ya kupungua.

Je, ni kiasi gani kinachohitajika? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Linaongeza kwamba misuli itiwe nguvu angalau siku 2. Mazoezi ya wastani ni kama kutembea kwa kasi. Utajuaje kasi imetosha? Ukiwa unatembea, waweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Sisi wanachama wa Kiswahili tuseme hivi: shairi unaweza kulikariri, ila kulighani kunakushinda!

Ubishi sasa uko hapa. Dakika 150 zaweza kuwa nusu saa kwa siku 5. Zaweza kuwa dakika 50 kwa siku 3, au dakika 75 kwa siku 2. Je, yote ni mamoja?

Watu wa Jumapili wana hoja yao, nasi tusiwadharau. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya watu 63,591 wa England na Scotland, wa kila umbo. Waliotimiza dakika zao kwa siku 1 au 2 tu walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 30 hivi, wakilinganishwa na wasiofanya lolote. Waliozigawa kwa siku nyingi walipata asilimia 35. Tofauti ni ndogo mno. Hata wale waliofanya mara 1 au 2 bila kufikisha dakika 150 walipata nafuu kubwa. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa Uingereza, uliowavisha watu wapatao 89,000 vipimo mkononi badala ya kuwauliza kwa mdomo, ulipata picha kama hiyo kwa ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kwa hivyo anayesema kwamba Jumapili ni kazi bure amekosea.

Lakini ngoja kwanza. Kwa mtu ambaye uzito umezidi, kuna mambo matatu yanayofanya siku nyingi ziwe bora.

La kwanza ni sukari. Mwili wenye mafuta mengi, hasa tumboni, huwa mgumu kuisikia insulini, ile homoni ya kongosho inayoiingiza sukari katika chembe za mwili. Misuli ikifanya kazi, hunyonya sukari kutoka kwenye damu, na baadaye huendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa siku 1 au 2 hivi. Kisha nafuu ile hufifia. Aliyecheza Jumapili na kuketi tangu Jumatatu, kufikia Alhamisi sehemu kubwa ya faida ile imekwisha kwenda zake. Ndiyo maana wenye kisukari hushauriwa wasipitishe siku 2 mfululizo bila mazoezi.

La pili ni presha. Baada ya mazoezi ya mara moja tu, shinikizo la damu hushuka kwa saa kadhaa, pengine hadi siku nzima. Anayerudia mara kwa mara huunganisha nafuu ya leo na ya kesho, kama mtu anayeongeza kuni kabla moto haujazimika. Kwa mwenye presha, mazoezi ya daima yaweza kuishusha ile tarakimu ya juu kwa pointi 5 hadi 8. Si haba.

La tatu ni viungo. Goti la mtu mwenye kilo nyingi hubeba mzigo mkubwa kwa kila hatua. Kuketi siku 6, kisha siku ya 7 kukimbia kama kijana wa kidato cha nne, ni kuita maumivu. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili nao huzoea hivyo hivyo.

Ushahidi ulionigusa zaidi unatoka Marekani. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 3,234, wengi wao wanene, ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajapata kisukari. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito, kula kwa kiasi na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma, zikigawanywa katika siku zisizopungua 3. Kundi hilo lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Hebu fikiri, kutembea na kula kwa kiasi kuliishinda dawa!

Ubishi wa nyumbani uliisha hivi. Mjomba hakuacha mpira wake wa dakika 90. Aliongeza matembezi ya nusu saa kwa siku 3, Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Jumla ni dakika 180, na hakuna mahali anapopitisha siku 2 bila kujongea. Dawa alizoandikiwa anazimeza vilevile. Mizani haijashuka sana, na wenzake humcheka. Lakini presha imeteremka, na hilo ndilo lililokuwa likitunyima usingizi.

Kwa wazazi wetu wa Jamhuri, Woodley na Kibera, mazoezi hayahitaji pesa za jimu. Wengi tayari huenda kazini kwa miguu, na hizo ni dakika halali za kuhesabiwa. Anayepanda matatu ashuke steji moja kabla ya yake. Anayefanya kazi katika jumba refu aache lifti. Jumamosi familia nzima yaweza kwenda Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, ikapande na kushuka vilima vyake. Ila anayeumwa kifua, anayekosa pumzi upesi au anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kuanza.

Nasi wanafunzi tusijicheke pembeni. Mwongozo ule ule unatutaka sisi tulio chini ya miaka 18 tufanye wastani wa dakika 60 kila siku, na kipindi cha michezo si cha kujifichia maktabani.

Kwa muhtasari, siku moja ni bora kuliko kutofanya kabisa. Siku tatu au zaidi, zilizotawanywa, ni bora kuliko moja. Na asiyepungua kilo asikate tamaa, kwani moyo una mizani yake. Ukifunga jarida hili, mwulize mzazi wako swali moja tu: juma hili umetembea siku ngapi? Kisha mwambie mtatembea pamoja.